Mama hataki mdogo wangu ahame kimbunga kikija

Shangazi, shikamoo. Pole na kazi.

Naandika kutoka Ujiji, hapa Kigoma. Mimi ni mtoto wa kwanza kwa mama yetu. Anayenifuata ni wa kiume, ana biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Kitinda mimba ni wa kike, na ndiye aliyenifanya nishike simu nikuandikie.

Huyu mdogo wetu aliolewa na Mkongo, mtu wa Fizi, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Baadaye walipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani kwa utaratibu wa wakimbizi. Wanaishi Tampa, jimbo la Florida, na watoto wao wawili. Yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shemeji anapakia mizigo ghalani. Wamepanga nyumba ya chini kwenye ghorofa, si mbali na maji ya ghuba.

Mwaka 2024 walipigwa na vimbunga viwili vilivyofuatana, hata wiki mbili hazikutimia. Cha kwanza kiliitwa Helene, usiku wa tarehe 26 Septemba. Maji ya chumvi yalijaa pale wanapoegesha magari, gari la shemeji likazama hadi usawa wa viti na halikuwaka tena. Ndani kwao yaliishia kizingitini. Hawajamaliza hata kuzoa tope, wakaambiwa kinakuja kingine, Milton, kikali zaidi, na amri ikatoka watu wa eneo lao wahame. Meya wa Tampa alisema kwenye televisheni kwamba atakayebaki kwenye maeneo yale atakufa. Mdogo wangu alinipigia analia, alitaka waondoke.

Shemeji akakataa. Alisema amelala kwenye turubai na kupanga foleni ya unga tangu akiwa mtoto, hatarudi tena kulala sakafuni na kugawiwa chakula mbele ya wanawe. Na gari hawakuwa nalo. Mama naye akachukua simu akamwambia, "Mwanangu, tulia ndani kwako na mumeo, fungeni milango, msome dua. Usiende kulaza watoto kwa watu usiowajua." Wakabaki.

Basi Milton ikaja usiku wa tarehe 9 Oktoba. Upepo ulivuma, mvua ilinyesha sana, umeme ukakatika, lakini maji ya bahari hayakufika. Tena mdogo wangu alitutumia picha ghuba imekauka, unaona matope mahali palipokuwa na maji. Tangu siku hiyo mama ana neno moja tu: "Si mliona? Walisema atakufa." Anasema yeye ziwa analijua, alikuwa binti mdogo lilipopanda mwaka 1964, na miaka hii ya karibuni ameliona tena likiingia mwaloni na kwenye mabanda ya watu, na watu wa Kigoma tupo.

Sasa msimu mwingine unakaribia. Mdogo wangu ameniambia, "Dada, safari hii wakisema tuhame, nataka kuhama. Lakini siwezi kuondoka bila radhi ya mama."

Kuna jambo jingine aliniambia, akaniapisha nisimwambie mama. Wiki ile ya Milton hakuwa na hela hata ya kulala mahali usiku mmoja, kwa sababu alikuwa ameshatutumia. Yeye ndiye anayelipa dawa za presha za mama, ada za watoto wangu wawili na za watoto wa kaka yake, na nyumba ya mama tunayoijenga. Ziwa lilipofungwa kwa wavuvi mwaka ule, miezi mitatu yote alitubeba sisi sote. Na kazini kwao usipoingia zamu hulipwi.

Mdogo wangu wa Kibirizi anasema tusimsumbue mama, mambo ya Marekani tuwaachie walioko Marekani.

Nifanyeje, Shangazi? Nimwambie mdogo wangu asimsikilize mama? Shemeji ni mwanaume kwenye nyumba yake, mimi naanzia wapi kumsemesha? Na mama anauliza swali ambalo sina jibu lake: mtu anakimbiaje kilichokwisha kuandikwa?

Dada Mkubwa, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja, na kabla sijafika kwa mama wala kwa shemeji nataka tuzungumze hela. Umeiweka karibu na mwisho na kuipitia haraka, kama siri ya pembeni. Mimi naona hapo ndipo penye kiini.

Mdogo wako hakubaki kwa sababu ya maneno ya mama peke yake. Alibaki kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Kuhama ni nauli au mafuta, ni chakula cha watu wanne nje ya jiko lako, pengine ni chumba, na juu yake zamu unazokosa. Mtu anayelipwa kwa saa, anayegawa mshahara wake na nyumba nyingine iliyoko ng'ambo ya bahari, amri ya kuhama humkuta hana kitu. Akiambiwa na mama "tulia", anatulia, maana kutulia ndiko anakokuweza.

Hili si geni. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipokaribia New Orleans, amri ya lazima ya kuhama ilitoka tarehe 28 Agosti na kimbunga kikafika kesho yake. Wenye magari waliondoka kwa maelfu. Waliobaki, wengi wao walikuwa wazee, wagonjwa, na watu wasio na gari. Na ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara na posho ya mwezi uliopita vimekwisha, vya mwezi mpya bado. Kingo za kuzuia maji zilipobomoka, karibu asilimia 80 ya mji ule ikawa chini ya maji. Katika ukanda wote wa pwani walikufa watu zaidi ya 1,300. Baadaye wengi wakawalaumu wale waliobaki kwamba walikuwa wabishi. Mimi sikubaliani na lawama hiyo, na sitaki imwangukie mdogo wako.

Kwa hiyo jambo la kwanza liko mikononi mwenu hapo Ujiji, wala halihitaji kumshinda mtu kwa hoja. Mwachieni hela ya kuhama. Msimu wa vimbunga vya upande ule huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, lakini ukali wake hukusanyika kati ya Agosti na Oktoba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kaeni kikao cha familia sasa. Semeni: kuanzia Juni mpaka Oktoba iishe, wewe tuma hela ya dawa za mama tu. Nyingine yote iweke kando kwa jina la kuhama, usiiguse kwa jambo lingine lolote, hata sisi tukikuomba. Msimu ukiisha salama, hela ipo, ataituma. Ujenzi usimame miezi hiyo. Tofali haliozi.

Na ada? Hapo namgeukia huyo mdogo wako wa Kibirizi, na nakuomba umsomee sehemu hii mwenyewe. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Kila mwenye mtumbwi, kila mchuuzi wa dagaa na migebuka, kila mama anayeanika pale mchangani alijua maana ya miezi mitatu bila kuingiza. Umesema wakati huo dada yenu wa Tampa aliwabeba nyote. Sasa hesabu miezi. Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti. Helene ilifika mwishoni mwa Septemba, Milton wiki ya pili ya Oktoba. Binti huyo aliingia kwenye vimbunga viwili akiwa ametoka kulisha nyumba tatu. Haiwezekani leo kaka yake aseme mambo ya Marekani ni ya Marekani. Ada za watoto wake azilipe yeye kwa miezi hiyo, na kama biashara ni ngumu basi aende shuleni akaombe kulipa kwa awamu, kama wazazi wengine wanavyofanya.

Siri aliyokuapisha, usiivunje bila yeye. Mwombe akuruhusu, mwambie mama akijua sababu atailegeza kamba mwenyewe. Mama anayemtakia mwanawe mema hawezi kusikia kwamba dawa zake na matofali yake vilimfungia mtoto kwenye njia ya maji, akaendelea kudai. Mdogo wako akikataa kukuruhusu, kikao kinaweza kufanyika bila kuitaja wiki ile ya Milton.

Sasa mama. Usimwambie mdogo wako asimsikilize. Hataweza, na akiweza atabeba huzuni hiyo miaka yote. Kazi yako ni kumpa mama habari ambazo hana, kwa heshima, mkiwa mmekaa wawili.

Mama analijua ziwa, na analijua kweli. Lakini ziwa Tanganyika hupanda taratibu. Mafuriko ya 1964 anayoyakumbuka yalianza na mvua kubwa za 1961 na 1962, maji yakaendelea kupanda msimu baada ya msimu. Unaliona linakuja. Leo limefika kwenye jiwe la kufulia, mwezi ujao limefika mlangoni, unahamisha magunia, unahamisha mbuzi, unavunja banda unalijenga juu zaidi. Mtu anayekaa na ziwa hilo anajifunza subira, na subira hiyo ina akili.

Bahari iliyosukumwa na kimbunga hupanda kwa saa, si kwa miezi. Upepo unaoizunguka dhoruba huisukuma bahari mbele yake mpaka nchi kavu, na pwani ya magharibi ya Florida ina bahari yenye kina kifupi kwa umbali mrefu, kwa hiyo maji hayana pa kushukia, yanapanda juu ya ardhi. Ghuba ya Tampa nayo inayapokea na kuyabana. Usiku ule wa Helene, katikati ya kimbunga palikuwa mbali baharini, zaidi ya kilomita 150 kutoka Tampa, na hata hivyo maji ya ghuba yalipanda karibu mita 2 juu ya kawaida. Mama asimame karibu na ukuta, umwonyeshe mita 2 zinafika wapi. Katika kaunti jirani ya Pinellas walikufa watu zaidi ya kumi, na wengi wao walizama ndani ya nyumba zao. Wapo waliofikiri kama mama: nitafunga milango. Lakini maji hayo husukuma mlango kutoka nje, na aliye ndani hawezi tena kuufungua.

Wamarekani walipochunguza vifo vya vimbunga vyao vya miaka 1963 hadi 2012, walikuta karibu tisa kati ya kumi vilitokana na maji, na karibu nusu ya vyote vilitokana na bahari kupanda. Upepo ndio unaotisha kwenye picha, maji ndiyo yanayoua. Ndiyo maana amri ya kuhama hutolewa kwa herufi za maeneo: A ndiyo yanayofikwa na bahari kwanza, halafu B, na kuendelea. Wanaangalia urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Mdogo wako akiingiza anwani yake kwenye ramani ya kaunti yake ataiona herufi yake, na inafaa aijue kwa kichwa.

Halafu hiyo Milton, ambayo mama anaishika kama ushahidi. Mwambie ilikuwa hivi. Vimbunga vya upande ule wa dunia huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwenye pwani ile ya magharibi, kikifika nchi kavu kaskazini ya mji wako au palepale ulipo, upepo unakusukumia bahari. Kikifika kusini yako, upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, na maji yanaondoka. Milton ilitua Siesta Key, chini ya kilomita 100 kusini ya Tampa. Ndiyo maana ghuba ilikauka, na picha mliyotumiwa ni ya kweli. Lakini maji yale hayakupotea. Kuanzia Siesta Key kushuka hadi Venice bahari iliingia kwenye mitaa na nyumba. St. Petersburg, ng'ambo tu ya ghuba, ilipata mvua ya zaidi ya milimita 450. Na upande mwingine wa jimbo, pwani ya mashariki, vimbunga vidogo vilivyozaliwa na Milton viliua watu kabla hata yenyewe haijatua.

Siku mbili kabla, hakuna binadamu aliyeweza kusema kama kitatua Tampa au chini kidogo. Meya alisema neno kali kwa sababu njia ilikuwa inaelekea kwake. Angesubiri mpaka awe na hakika, barabara zingekuwa zimeshafungwa. Hata kwetu iko hivyo. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitangaziwa kimbunga Kenneth, shule na ofisi zikafungwa, watu wakaambiwa waende sehemu salama. Kikateremka Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua huko. Je, Mtwara walidanganywa? Walisalimika, na jirani hakusalimika. Mama akiliona hili kwa watu wa nchi yake pengine litamwingia kuliko nikimtajia Florida mara kumi.

Shemeji nimemfikiria muda mrefu kuliko wengine wote. Nakusihi usimwite mbishi, wala usikubali mtu wa ukoo wenu amwite hivyo. Mtu aliyekulia Nyarugusu anajua jambo ambalo wewe na mimi hatulijui: kwamba ukiambiwa "njooni hapa kwa siku chache" unaweza kukaa miaka kumi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, na watu waliovuka ziwa na mafurushi wakidhani watarudi baada ya mavuno wamezalia pale watoto na wajukuu. Kwake yeye ukumbi uliojaa watu waliolala sakafuni ni maisha aliyoyatoroka kwa shida, na hataki wanawe wamwone amerudi huko. Ukimwambia "ni salama", humjibu.

Mjibu hivi: kuhama si lazima kuwe kwenda kwenye ukumbi. Maafisa wa Florida wenyewe huwaambia watu wakimbie maji na wajifiche upepo, na kwamba inatosha kusogea makumi ya kilomita, si mamia. Watu wanaposhindana kwenda mbali, barabara zenyewe huua. Septemba 2005, wiki chache tu baada ya Katrina, watu wa Houston walikikimbia kimbunga Rita kwa mamilioni kwa wakati mmoja, wakakwama juani kwenye foleni kwa saa nyingi mno. Zaidi ya watu 100 walikufa katika huko kuhama, na basi moja lililobeba wazee lilishika moto. Kwa hiyo wanachohitaji ni nyumba ya ndugu au rafiki iliyoko juu, nje ya maeneo yenye herufi, hata kama ni mwendo wa nusu saa kutoka kwao, na iwe imejengwa imara. Wakongo na Watanzania wa miji ile wanajuana, kuna kanisa, kuna msikiti, kuna vikundi vya kuchangiana misiba na harusi. Familia moja yenye nyumba ya juu iombwe sasa, kabla ya Juni: tukiambiwa tuhame, tutakuja kwenu siku mbili tatu, tutakuja na chakula chetu. Shemeji aende mwenyewe kuomba, kama mgeni anayejipangia, na wao wakija kukwama siku moja awapokee. Hapo anabaki baba wa nyumba yake. Hakuna foleni, hakuna turubai.

Anayefaa kumwambia haya ni mkewe. Wewe si wa kumsemesha moja kwa moja, hapo umepima vizuri. Lakini unaweza kumsalimia, ukamwambia kwamba nyumbani Ujiji tumeamua hela ya miezi hii ibaki kwenu, na kwamba tunamshukuru anavyomtunza binti yetu. Nadhani atasikia kilicho ndani yake.

Ukumbi ubaki kuwa njia ya pili, ikiwa ile nyumba imeshindikana. Wajue tu kwamba sehemu nyingi za kujihifadhi kule Florida ni shule, na mara nyingi mtu huenda na godoro lake dogo au blanketi, chakula chake na dawa zake. Kwa asiye na gari, kaunti huweka mabasi ya bure wakati wa amri, na kuna namba ya simu 211 ya kuuliza yanapitia wapi. Waiulize mapema, si asubuhi ya kuondoka. Vyeti vya watoto, kadi ya ukaazi na karatasi zote ambazo shemeji alizisubiri miaka kambini zikae kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, mahali pamoja.

Kazini kwake nako aulize sasa, kwa maandishi: kukiwa na amri ya kuhama kwenye eneo ninaloishi, zamu yangu inakuwaje? Nyumba za wazee hazifungwi, wapo wafanyakazi wanaotakiwa kubaki na wazee. Ni kazi ya heshima. Lakini ajue mapema kama yeye ni mmoja wao, na kama jengo lenyewe liko eneo la kuhama, wazee watapelekwa wapi, na watoto wake usiku huo watalala na nani. Jambo hili wasiache hadi mvua ianze kunyesha.

Na kama itatokea wamekwama ndani umeme umekatika, asithubutu kuwasha jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba, hata barazani karibu na dirisha. Sisi tumezoea mkaa na nyumba zetu zina matundu ya kupitisha hewa. Zile zimezibwa. Kila baada ya kimbunga wapo watu waliopona upepo na maji, wakauliwa na moshi usioonekana.

Swali la mama la mwisho, la kilichoandikwa. Mimi si mwalimu wa dini, na ningependa umfuate imamu wa msikiti wenu aje azungumze naye, mtu wa rika lake kama yupo. Lakini kisa hiki hata mimi nimekisikia kwenye mawaidha tangu utoto. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko mbele kuna tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Mama anampenda mwanawe na anamwogopa Mola wake, na hapo hakuna cha kuchagua kati ya viwili hivyo. Dua aisome, tena kwa wingi. Aisome binti akiwa kwenye nyumba ya juu.

Jambo moja la vitendo nimalizie. Tampa iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa msimu huo. Taarifa kamili za kituo cha vimbunga cha Miami hutoka mara nne kwa siku, na kwa saa za Kigoma ni saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Tahadhari ya kwanza hutolewa kama saa 48 kabla ya upepo mkali kuanza, onyo lenyewe kama saa 36. Amri inaweza kutoka wakati mama amelala, au simu yake haina chaji, au mtandao wa kule umeshaanza kukatika. Mdogo wako asiwe anaitafuta radhi saa hiyo. Mama akikubali, mrekodi kwa sauti yake, leo au kesho, aseme: mwanangu, wakiwaambia mhame, hameni, radhi zangu unazo, wala usisubiri kunipigia. Mtumie. Aihifadhi kwenye simu yake, na mumewe aisikie pia.